Injini ya bagi: nimeamua

Hatimaye nimechagua injini ya bagi (gari dogo la wazi la kupita njia mbovu) ninayojiundia, na si ile niliyokuwa nikiiota. Moyo ulikuwa kwa Volkswagen Beetle: silinda 4 zilizolala, inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuzibwa na tope. Ndiyo iliyobeba Meyers Manx, bagi maarufu ya Marekani, tangu 1964. Ila nguvu yake ni ya kiasi, na iliyo nzima kuipata ni kazi.

Ya pikipiki ni nyepesi na kali, lakini nyingi hazina rivasi. Kwama kwenye korongo bila rivasi uone.

Nimechukua Toyota 4A-FE, lita 1.6, kutoka gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Raha yake ni kwamba injini na giaboksi vimeshikana, hivyo unauhamishia mzigo wote nyuma ya viti ukielekea vilevile, na shafti zinazungusha magurudumu ya nyuma. (Wanaogeuza giaboksi ya Beetle itazame upande wa pili bila kuhamisha krauni (gia kubwa inayozungusha shafti) ndani hujikuta na gia 4 za kurudi nyuma na 1 ya mbele!)

Kabureta sitaki. Kwenye mwinuko mkali petroli hulala upande mmoja wa bakuli lake, injini inakohoa na kuzima. Nozeli za 4A-FE, zinazopuliza petroli kwa presha, hazina shida hiyo. Kinachosumbua ni nyaya, kwa hiyo ukinunua chukua wayaringi nzima na kontroli boksi (kompyuta ya injini) yake, usikubali ikatwe.

Rejeta naipandisha juu nyuma, na feni ya umeme. Sasa nachomelea mauntingi, yaani vishikizo vya injini.