Rimoti moja kwa TV, king'amuzi na sabufa: namna ya kuifundisha na mahali inapogoma

Sebule ya kawaida siku hizi ina rimoti tatu au nne mezani: ya TV, ya king'amuzi, ya sabufa, na mara nyingi ya deki au kisanduku cha Android. Kuzipunguza ibaki moja kunawezekana, tena bila kutumia pesa nyingi. Ila kabla ya kwenda dukani, kagua kwanza vifaa vyako vinapokea amri kwa njia gani, kwa sababu rimoti iliyoandikwa kwenye boksi kwamba ni ya vifaa vyote huwa haiwezi vyote. Na kama rimoti zako za asili bado nzima, zitumie sasa kuifundisha hiyo mpya, yaani inakili amri zake. Rimoti iliyokwisha kufa haina cha kufundisha, na ndiyo hali ambayo wengi hujikuta nayo wanapoanza kutafuta rimoti nyingine.

Kagua kwa kamera ya simu

Rimoti nyingi hutuma amri kwa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni lakini kamera inauona. Fungua kamera ya simu, elekeza kichwa cha rimoti kwenye lenzi, kisha bonyeza kitufe. Ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikiwakawaka kwenye skrini, hiyo ni infraredi. Kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia mwanga huo, kwa hiyo usipoona kitu jaribu kamera ya mbele kabla hujaihukumu rimoti.

Jaribu vitufe vyote, usiishie kwenye kimoja. Kuna rimoti ambazo POWER na VOL zinawaka lakini mishale na OK haziwaki. Hizo hutumia njia mbili: infraredi kwa baadhi ya vitufe na Bluetooth kwa vingine. Rimoti ya Fire TV Stick, kile kijiti cha Amazon kinachochomekwa kwenye HDMI ya TV, iko hivyo: kuwasha TV na kupandisha sauti inatuma infraredi kwa TV yenyewe, ila amri za menyu zinakwenda kwenye kile kijiti kwa Bluetooth. Kijiti kimejificha nyuma ya TV na hakina jicho la kupokea infraredi, kwa hiyo hakuna rimoti ya infraredi itakayokiamuru, iwe ya bei gani. Kwa vifaa vya namna hii njia ni HDMI-CEC, nitaifikia chini.

TV za kisasa za Samsung na LG zinachanganya watu hapa. Rimoti zake mpya hutumia Bluetooth kwa mambo mengi, lakini TV zenyewe bado zina jicho la infraredi na zinapokea amri za rimoti ya kawaida ya vitufe ya kampuni hiyo. Kwa hiyo zinatawalika vizuri tu.

Ya namba au ya kufundishwa

Rimoti ya namba ina orodha ya misimbo ndani yake tangu kiwandani. Unaiambia TV yako ni ya kampuni gani kwa kuingiza tarakimu zilizo kwenye kijikaratasi, au unaiacha itafute yenyewe. Kwa zile za kampuni ya One For All zenye kitufe cha MAGIC, unabonyeza kitufe cha aina ya kifaa, unashikilia MAGIC mpaka taa iwake mara mbili, kisha unaingiza tarakimu nne. Ukikosa namba yako kwenye orodha, unaingiza 991 na kuanza kutafuta. Kwenye kutafuta, TV iwe imewashwa, na ubonyeze POWER polepole ukisubiri kidogo kati ya kila bonyezo. Wanaobonyeza haraka hupitiliza namba sahihi bila kujua, halafu husema rimoti ni mbovu. TV ikizima, usikubali namba hiyo papo hapo: jaribu VOL, MUTE na INPUT. Ni kawaida kupata namba inayozima TV vizuri lakini haina menyu, na namba nyingine ya kampuni hiyo hiyo ikawa na kila kitu.

Orodha hizo zina TV za majina makubwa. Sabufa nyingi zinazouzwa kwetu hazimo, na ving'amuzi vya hapa aghalabu havimo. Ndiyo sababu mimi husisitiza ununue ya kufundishwa, au ile yenye vyote viwili. Simu yenye taa ya infraredi juu, kama Xiaomi nyingi, inasaidia kwa dharura, ila kwa kazi ya kila siku inachosha: simu ikipigiwa, au mwenye simu akitoka, nyumba nzima haina rimoti.

Kufundisha

Hapa ndipo kazi ilipo, na saa moja ya utulivu inatosha kwa vifaa vitatu.

Weka betri mpya kwenye rimoti zote mbili. Betri ikichoka, rimoti ya asili bado itawasha TV, lakini mwanga wake ni hafifu na mwanafunzi, yaani rimoti mpya, atanakili vibaya. Betri za kuchaji za AAA hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo siku ya kufundisha tumia za kawaida. Fanya kazi hii mbali na jua la dirishani, na uzime taa za tyubu na za kubana matumizi, maana nazo hutoa mwanga unaovuruga.

Laza rimoti mbili mezani, vichwa vikitazamana, umbali wa sentimita 3 hadi 5. Angalia urefu wa taa zake: rimoti nyembamba huwa chini ya mwenzake, basi ikunjie kipande cha kadibodi chini yake mpaka taa zilingane. Jambo dogo hili hunusuru nusu ya majaribio yanayoshindikana.

Kwenye rimoti nyingi za bei nafuu mwendo ni huu. Shikilia SET mpaka taa nyekundu ibaki imewaka. Bonyeza mara moja kitufe unachotaka kukifundisha kwenye rimoti mpya; taa itaanza kupepesa, maana yake inasikiliza. Sasa bonyeza kitufe cha rimoti ya asili kwa takriban sekunde moja. Taa ikiwaka haraka mara kadhaa kisha ikatulia, imeshika. Endelea na kitufe kingine, na ukimaliza bonyeza SET kutoka. Idadi ya mipepeso hutofautiana, soma kijikaratasi chako.

Mfuatano huo usiugeuze. Mwanafunzi awe tayari anasikiliza ndipo ubonyeze rimoti ya asili. Vifaa vingi hutumia mfumo wa amri za infraredi uitwao NEC, ambao hutuma amri kamili mara moja tu, mwanzoni. Ukiendelea kushikilia kidole, rimoti hutuma kialama kifupi chenye maana ya "rudia ile ya kwanza". Kama ulikuwa umeshabonyeza kabla mwanafunzi hajawa tayari, atanakili kialama peke yake. Taa itasema imeshika, na TV haitafanya kitu.

Fundisha vitufe vitatu kwanza, POWER, VOL+ na VOL−, kisha toka ujaribu kwenye kifaa. Vikifanya kazi ndipo umalizie vilivyobaki.

Panga vitufe kabla

Rimoti hizi huwa na vitufe vya kubadili kifaa, TV, STB (king'amuzi), AUX (kifaa cha ziada) na kadhalika. Kila kimoja hufungua tabaka lake, yaani seti yake ya amri kwa vitufe vile vile, na wengi hufundisha kila kifaa kwenye tabaka lake. Matokeo yake mtu anataka kupunguza sauti, anabonyeza VOL−, hakuna kinachotokea kwa kuwa rimoti iko kwenye STB. Wageni na wazee wa nyumbani hukata tamaa hapo hapo.

Changanya kwa makusudi. Kwenye tabaka moja weka CH+, CH−, tarakimu 0 hadi 9, OK, EXIT na mishale ya king'amuzi. VOL na MUTE za sabufa. INPUT ya TV. Hayo ni asilimia kubwa ya matumizi ya jioni, na hakuna anayehitaji kubadili tabaka. Menyu ya TV na vitufe vya USB vya sabufa viende kwenye tabaka la pili. Chora mpango huo kwenye karatasi kabla hujagusa SET, kwa sababu kufuta kitufe kimoja kwenye baadhi ya rimoti kunamaanisha kufuta vyote.

Kuhusu POWER: ipe kila kifaa kitufe chake. Rimoti zinazotuma amri mfululizo kwa kitufe kimoja huvutia, lakini POWER nyingi ni za kugeuza hali tu, zima ikiwa imewaka, washa ikiwa imezima. Umeme ukikatika na kurudi, TV ikabaki imezima na king'amuzi kikawaka chenyewe, kitufe hicho kitawasha kimoja na kuzima kingine, kila mara.

Inapogoma

Tatizo linalowashangaza watu zaidi ni hili: kitufe kinafanya kazi mara ya kwanza, ukikibonyeza tena hakijibu. Unataka chaneli 22, king'amuzi kinasoma 2 moja. Chanzo ni mifumo ya Philips iitwayo RC-5 na RC-6, ambayo vifaa vingine pia huitumia. Ndani ya ujumbe kuna biti moja (alama ya 0 au 1) inayogeuka kila unapobonyeza upya, ili kifaa kitofautishe mabonyezo mawili na kidole kilichoshikiliwa. Rimoti iliyofundishwa imehifadhi nakala moja, biti haigeuki, kifaa kinadhani hujainua kidole. Kufundisha upya hakuponyi. Dawa ni kutumia namba ya orodha kwa kifaa hicho, kwa kuwa hapo rimoti inatengeneza ujumbe yenyewe na kuigeuza biti inavyotakiwa.

Kinyume chake, unabonyeza kitufe cha kisanduku cha Android na sabufa nayo inajibu. Vifaa vya bei nafuu vinavyotumia NEC mara nyingi hupewa anwani ile ile kiwandani, basi kila kimoja kinadhani kimeitwa. Kama sabufa inatawalika kwa mkono au kwa Bluetooth ya simu, funika jicho lake kwa kipande cha foili na tepu ya umeme juu yake. Kama unahitaji jicho lake, ligeuze lisitazame ulipokaa, ingawa infraredi huruka kwenye ukuta mweupe na dari, kwa hiyo usitegemee sana.

Rimoti ikifanya kazi kwa karibu tu, angalia betri, halafu angalia kilicho mbele ya jicho. Kitambaa cha kufuma kinachoning'inia juu ya TV, au spika iliyosimama mbele ya kona ya chini ambako jicho huwekwa, vinatosha kukata amri. Kioo angavu cha kabati hakizuii. Mlango wa mbao unazuia kabisa.

Na rimoti nyingine husahau kila kitu ukichomoa betri. Ijaribu mapema, ukishafundisha vitufe viwili tu: toa betri dakika tano, rudisha, bonyeza. Ikisahau, irudishe dukani ungali na risiti.

Kabla hujanunua, jaribu haya mawili

HDMI-CEC huruhusu rimoti ya TV kuamuru kifaa kilichounganishwa kwa waya wa HDMI. Makampuni huipa majina yao: Anynet+ kwa Samsung, Simplink kwa LG, Bravia Sync kwa Sony, EasyLink kwa Philips. Iwashe kwenye mipangilio ya TV na ya kifaa, maana upande mmoja hautoshi. Kwa Fire TV Stick au Chromecast yenye Google TV, mishale na OK ya rimoti ya TV huanza kufanya kazi pale pale. Na kama rimoti ya TV ni ya infraredi, unaweza kuifundisha rimoti yako mpya mishale hiyo, na kijiti kikatii kupitia TV.

Sabufa inayounganishwa kwa nyaya nyekundu na nyeupe haina CEC. Lakini ukiiunganisha kwenye tundu la hedifoni la TV, sauti inayotoka hapo kwa kawaida hufuata VOL ya TV. Weka sabufa kwenye kiwango cha kati, iache hapo, na rimoti yake haina kazi tena. Kwenye baadhi ya TV kuna mpangilio wa sauti ya kutoka. Chagua ile inayobadilika, usichague ya kudumu. Ukisikia mvumo, punguza sabufa na uongeze TV.

Rimoti za asili usizitupe wala usiwape watoto wachezee. Siku king'amuzi kitakapotaka kuwekwa upya, utahitaji vitufe ambavyo hukuvifundisha. Zitoe betri kabla ya kuziweka kwenye droo, kwa sababu betri iliyokaa muda mrefu huvuja na kula vyuma vya ndani. Kama imeshavuja unga mweupe na betri ilikuwa ya alkali, chovya pamba kwenye siki, futa vyuma, kausha, kisha pitisha spiriti.