Hesabu za kutua kwenye nyasi za Mull

Nimerusha ndege ndogo ya Cessna kule Serengeti kabla sijahamia Scotland, kwa hiyo kiwanja kisicho na lami hakinitishi. Pale Seronera shida ni mwinuko na joto: uko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari, hewa nyepesi, injini inahema. Glenforsa, kiwanja cha nyasi kwenye kisiwa cha Mull, huku Scotland, uko karibu usawa wa bahari na baridi inaipa injini nguvu. Huku kinachonyima watu usingizi ni nyasi zenyewe, maana mvua haina msimu.

Kiwanja kilijengwa na wahandisi wa jeshi la Uingereza mwaka 1966, ukingoni mwa mlango-bahari wa Sound of Mull. Njia ya kurukia na kutua ni moja, takriban mita 730. Desemba 24, 1975, rubani Peter Gibbs aliruka hapo usiku kwa mwanga wa tochi, asirudi; maiti yake ilionekana mlimani miezi minne baadaye. Mimi huenda mchana.

Kabla ya yote unapiga simu kuomba ruhusa. Nikauliza habari za nyasi. "Zimekatwa, ila zimelowa. Chini ni kugumu." Hilo la mwisho ndilo nililolitaka: ardhi ngumu haizamishi gurudumu.

Nikashika kalamu. Kitabu cha ndege kilinipa kama mita 400, kutoka futi 50 hewani hadi kusimama, kwenye lami kavu. Mamlaka ya anga ya Uingereza inashauri uzidishe kwa 1.35 nyasi zikiwa zimelowa, kisha kwa 1.43 kwa ajili ya usalama. Jumla mita 772. Hesabu imekataa. Lakini kitabu hicho hicho kinapunguza asilimia 10 kwa kila noti 9 (kipimo cha mwendo) za upepo wa mbele, na siku hiyo upepo wa magharibi ulizidi noti hizo: 695. Tukavaa maboya, tukaondoka Oban, mji wa ng'ambo upande wa bara, watatu na mizigo.

Kusini mwa njia kuna vilima, kwa hiyo tulizunguka upande wa maji. Magurudumu ya nyuma yaligusa mapema, nikavuta usukani hadi tumboni ili la mbele libaki juu. Breki sikuzigusa mpaka mwendo ulipokwisha wenyewe, kwani kwenye nyasi zilizolowa ukikanyaga kwa pupa, gurudumu linakwama na ndege inaendelea kuteleza. Nyasi zilijaa ndani ya vifuniko vya magurudumu. Tulizichokoa kwa kijiti kabla ya kwenda kunywa chai hotelini, hatua chache tu kutoka hapo.

Watu huogopa kutua, ila kuruka ndiko kunakobana. Kwa uzito tuliokuja nao, kuruka kulihitaji mita 480 kitabuni, mara 1.3 kwa nyasi zilizolowa, mara 1.33 kwa usalama, unafika 830. Hata upepo usingeliokoa hilo. Tukiwa wawili, bila mizigo, mafuta nusu, kitabu kilisema kama 350, na jumla 605. Rafiki yetu wa tatu nilikwishamweleza tangu Oban kwamba hatarudi nasi kwa ndege, akadhani namtania. Alipanda basi hadi Craignure, bandari ya Mull, na mabegi yote, akavuka kwa feri. Tulimpokea bandarini Oban, akiwa ameshiba samaki na chipsi za ndani ya meli, hana kinyongo hata kidogo.