Afya ya Wanawake Wanaouza Ngono ni Suala la Usalama Kazini

Tangu mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaouza ngono katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Kupitia damu yao, dunia ilijua kwamba wapo wachache ambao hukutana na virusi vya Ukimwi mara nyingi na bado hawaambukizwi. Inaniuma kwamba hadi leo tunaulizia zaidi kilichomo katika damu hiyo, ilhali mazingira ya kazi yao hatuyaulizii kama tunavyomuulizia mfanyakazi wa shamba la maua kuhusu dawa za kuua wadudu anazovuta.

Hatari nyingi huanzia kwenye mapatano. Mteja huahidi kuongeza pesa iwapo kondomu haitatumiwa, na mwanamke anayedaiwa kodi ya nyumba hana nguvu kubwa ya kukataa. Hata yule anayeshikilia msimamo wake huenda akakosa kilainishi cha maji, akatumia mafuta ya mgando ya kujipaka bila kujua kwamba yanaudhoofisha mpira wa kondomu kwa dakika chache tu, nayo ikapasuka kazini. Baadaye hujiosha ndani kwa sabuni akiamini anajikinga, kumbe anaichubua ngozi laini na kuwarahisishia virusi njia. New Zealand, kwa sheria yake ya mwaka 2003, ilimbebesha mteja naye wajibu wa kutumia kinga, na anayekiuka hutozwa faini. Kwetu mzigo wote tumemtwisha mwanamke.

Linalonisumbua zaidi ni ukatili. Aliyebakwa anapaswa kuanza dawa za PEP, yaani za kuzuia maambukizi ya VVU, ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha azimeze kwa siku 28. Sasa mfikirie mwanamke aliyeshambuliwa usiku na mteja, ambaye anaogopa kwamba akifika kituo cha polisi ataulizwa kwanza alikuwa akifanya nini barabarani saa hizo. Anarudi nyumbani, anaoga, anafua nguo, na hivyo ushahidi unapotea. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, na ya tatu ikiisha dawa hizo hazitamfaa tena.

Pombe ya kuvumilia baridi na wateja, kukosa usingizi na sonona navyo vinahitaji tiba. Saratani ya mlango wa kizazi ni tishio pia, kwa kuwa mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa kuipata mara 6 zaidi ya asiye navyo.

Huduma hizi nyingi zilikuwa zikitolewa katika kliniki zilizotengwa kwa ajili yao, ambazo baadhi zilifungwa Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025. Sasa wanaelekezwa kwenye hospitali za umma. Naziomba serikali za kaunti ziwafunze wauguzi wa hospitali hizo kuwahudumia wanawake hawa kwa siri, na zihakikishe kwamba PEP inapatikana hata usiku, kwa sababu ndipo wanapoumizwa.