Siku yangu na kompresa: mjaza mitungi kwenye boti ya wapiga mbizi, Pemba

Saa kumi na moja na robo alfajiri. Boti imetia nanga magharibi ya kisiwa cha Misali, wageni wamelala, na mimi nimesimama sitahani na dira mkononi natafuta kibla. Kutoka Pemba, Makka iko kaskazini moja kwa moja, ukiwa nchi kavu huna haja ya kuhangaika. Botini omo, yaani mbele ya boti, inageuka usiku kucha kwa upepo na mkondo, ukikisia tu utajikuta umesali kuelekea Tanga.

Nikishasali napita na geji. Mitungi ni kumi na miwili: kumi ya wageni, miwili ya viongozi wao. Kila mmoja una lita 12, na ukijaa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) umebeba lita 2,400 za hewa. Usiku huwa najaza kwa kompresa, mashine ya kukamua hewa, nikizidisha kidogo, kwa sababu mtungi ukijazwa hupata moto, na ukipoa geji inashuka. Mwisho naukagua mtungi wa oksijeni ya dharura, ambao hauguswi na mtu ila kwa kazi yake.

Nyumbani watu wote wanaamini mitungi yangu ni ya oksijeni. Shemeji yangu nimemweleza mpaka nimechoka. Ni hewa hii hii tunayovuta, sehemu 21 kwa mia ni oksijeni na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni, ila imekamuliwa ikaingia kwenye chuma. Oksijeni tupu ukishuka nayo chini ya mita 6 hivi inageuka sumu, unaweza kupata degedege majini.

Saa moja asubuhi wageni wanaruka majini. Ni bamvua, siku za maji makubwa, na maji yanakupwa kwa kasi, kwa hiyo nahodha amewapeleka kwenye ukuta wa nje wa mwamba, mbali na milango ya maji. Wanarudi kabla ya saa mbili wakisimulia kasa na kundi la kolekole. Mimi nasoma geji kwanza, hadithi baadaye. Mgeni mmoja, bwana mnene wa Kijerumani, amerudi na bar 40 ilhali sheria ya botini ni kurudi na 50. Kiongozi aliyeshuka naye kina kile kile amebakiwa na 110. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara nne ya juu, kila pumzi inakula hewa mara nne, na mwenye papara humaliza mapema.

Sasa ndiyo kazi. Mitungi haiondoki mahali pake, hozi ndiyo inayoufuata kila mmoja. Kutoka bar 50 hadi 200 ni dakika saba hivi kwa kompresa yetu, kwa hiyo yote inachukua karibu saa moja na nusu. Wageni watazama tena saa tano. Ningeanza saa mbili na nusu ningemaliza na kunywa chai, lakini mpishi alikuwa na oveni, na jenereta yetu haiwezi kubeba oveni na kompresa kwa pamoja. Nikaanza saa tatu na nusu.

Kila dakika kumi na tano nafungua valvu kutoa maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na ikikandamizwa unyevu ule hugeuka maji. Yakifika kwenye filta, mkaa na dawa ya kukaushia vinakufa kabla ya wakati. Lakini jicho langu haliko kwenye valvu. Liko juu, kwenye bomba linalovuta hewa, ambako nimefunga utepe wa kanga unionyeshe upepo. Moshi wa jenereta unatokea tezini, nyuma ya boti. Bomba likiunusa ule moshi, nitakuwa nimewajazia watu hewa yenye kaboni monoksaidi. Harufu ya dizeli unaweza kuinusa, hiyo gesi yenyewe haina harufu, na mtu akishuka nayo chini nguvu yake inaongezeka kwa kina. Atalegea huko huko, na kila mtu atadhani ni mkondo.

Upepo ulikuwa wa kaskazi, omo ikiuelekea, moshi ukienda zake nyuma. Saa nne na nusu maji yakatulia. Punde yakaanza kujaa, mkondo ukaishika boti na kuigeuza, tezi ikauelekea upepo. Utepe wa kanga ukalala upande wa omo. Nikazima kompresa mitungi mitatu ikiwa bado.

Nahodha akateremka. "Fundi, kulikoni? Wageni washavaa."

"Wavue, nahodha. Moshi unaingia."

Hakubishana. Ni mzee wa mji wa Mkoani, Pemba, amekulia baharini, akautazama utepe mara moja akaita vijana wa dingi, kile kiboti chetu kidogo. Wakaisukuma boti mpaka omo ikarudi kwenye upepo, wakaishikilia hivyo dakika ishirini na ushei, nami nikamalizia mitatu yangu. Mgeni mmoja alinung'unika kwamba anapikika ndani ya suti yake. Kuchelewa huko kulimfaa: maji yanayojaa hutoka bahari kuu, safi, na aliporudi alikuwa amemwona samaki taa mkubwa akipita kama mkeka unaopeperushwa.

Saa saba, wali na pweza wa nazi. Wageni wanataka kulala, mimi nataka kujaza. Hakuna mtu botini anayependa sauti ya kompresa, na hakuna anayeweza kuzama bila yake, basi wanavumilia.

Saa tisa wanashuka tena, nami nabadilisha oringi za valvu zilizoliwa na chumvi. Kipande kidogo cha mpira hicho, kikichanika mtungi unapiga kelele na safari ya mtu imekwisha. Mama mmoja wa Afrika Kusini amebaki juu, ananiuliza kwa nini siku ya mwisho hakuna mbizi. Namwambia ni kwa ajili ya ndege: baada ya siku kadhaa za kuzama, angalau saa 18 zipite, naitrojeni itoke mwilini taratibu. Akipanda angani mapema inaweza kutoka kwa mapovu.

Saa moja usiku ni mbizi ya tochi. Naangalia taa zikizunguka chini, na wakipanda nasimama kwenye ngazi nahesabu vichwa. Kumi na wawili. Nahesabu tena.

Saa nne usiku nahodha anatangaza: kesho tunang'oa nanga alfajiri, tunaelekea mlango wa Njao, mkondo wa maji kati ya visiwa kaskazini-magharibi mwa Pemba, mitungi iwe tayari. Nimebakiza miwili. Mpishi naye amesimama mlangoni na unga mikononi, mikate yake imeumuka, anataka umeme.

"Kaka, mkate ukilala utachacha."

Tumekubaliana: mkate kwanza, mitungi baadaye, na mkate wa kwanza kutoka ni wangu.