Kwenda Madurai na Mimba ya Miezi Saba

Kwetu Tanga, ukimwambia mtu kwamba unakwenda India, kwanza anakupa pole. Kwa wengi wetu India ni mahali pa kupelekwa, si pa kwenda. Mgonjwa hupelekwa India baada ya madaktari wa nyumbani kushindwa, na jina la Chennai hulijua hata mabibi ambao hawajawahi kuitazama ramani, kwa kuwa ndiko mtoto wa fulani alikopasuliwa moyo akarudi salama. Kwa hiyo nilipoaga kumfuata mume wangu, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili huko, shangazi yangu alinishika mkono na kuniuliza kwa sauti ya chini ni kitu gani kinachoniuma. Sikuwa naumwa. Miezi michache baadaye nilikuwa mja mzito, katika nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Besant Nagar, Chennai, mwendo mfupi kutoka ufukweni ambako jua huchomoza baharini kama linavyochomoza kwetu.

Pwani ya kwetu mimba haitangazwi. Mama alinionya kwa simu nisimwambie mtu mpaka tumbo lijiseme lenyewe, na hata likishajisema, watu wenye adabu huliona wakanyamaza, wakakuuliza habari za nyumbani na kukupokea mzigo bila kutaja sababu. Chennai hawana adabu hiyo, au niseme wanayo ya namna nyingine. Tumbo langu lilipoanza tu kuinua kanga, mlinzi wa nyumba ya jirani aliniuliza “etthana maasam?”, yaani, ina miezi mingapi? Muuza mboga akauliza. Kondakta wa basi, ambaye hakuwa na la kunidai kwa sababu tangu mwaka 2021 wanawake wa Tamil Nadu, jimbo lenye mji huo, hupanda mabasi ya kawaida ya serikali bila nauli, naye akauliza, na abiria watatu wakageuka kusikiliza jibu. Dereva wa bajaji, ambayo kwao huitwa auto, alipunguza mwendo kwenye kila tuta huku akijiambia “mella, mella”, pole pole, kana kwamba mzigo ulikuwa wake. Mwanzoni niliona kero kubwa. Nilikuwa mgeni mweusi katika mji ambao baadhi ya wenye nyumba walikuwa wametukatalia chumba mara tu walipotuona mlangoni, na sasa watu wale wale wasiotaka kujua jina langu walitaka kujua kilichomo tumboni mwangu.

Isitoshe, jibu lenyewe halikuwa jepesi. Hospitali ilihesabu kwa wiki, na mwezi wa Machi, wakati wa safari ninayoisimulia hapa, nilikuwa katika wiki ya 29. Mama yangu, aliyekuwa akihesabu kwa vidole vyake Tanga, alisema ni miezi saba. Paati, bibi aliyeishi ghorofa ya chini yetu pamoja na mwanawe na mkwewe, alisema ni wa nane, kwa sababu Watamil huutaja mwezi ulioingia, si uliokwisha, na kwao mwanamke hubeba mimba miezi kumi, si tisa. Nilidhani ananitania. Baadaye nilipiga hesabu nikaona kwamba siku 280 ukizigawa kwa mwezi wa siku 28 unapata kumi kamili, nikanyamaza.

Mkwewe Paati naye alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza, na ilipoingia mwezi wa saba kwa hesabu yao alifanyiwa valaikaappu, sherehe ya kuvishwa bangili. Walimkalisha kitini katika sari ya hariri, wanawake wakapita mmoja mmoja kumpaka msandali na manjano mashavuni na mikononi, kisha kila mmoja akamvisha bangili za kioo, nyekundu na kijani, mpaka mikono ikajaa hadi karibu na viwiko. Nami nilikaa pembeni kwa adabu za mgeni, hadi Paati aliponiita niketi kando yake. Wanawake wawili wakapinga kwamba mimi niko mwezi wa nane, na bangili huvishwa katika mwezi usiogawanyika kwa mbili. Paati akafikiri, akaniuliza mama yangu anahesabuje. Nikasema saba. “Basi ni saba,” akaamua, “mama yake ndiye anayejua,” na mjadala ukaisha. Wakanivisha. Waliniambia kwamba mtoto husikia mlio wa bangili akamjua mama yake yuko wapi, na kusema kweli tangu siku hiyo sikuweza hata kukoroga chai bila mtaa mzima kusikia.

Kwa chakula tulielewana zaidi kuliko nilivyotarajia. Mlonge, ambao kwetu siku hizi huuzwa kama dawa, wao huyakata maganda yake machanga na kuyapika kwenye mchuzi wa dengu. Ukwaju umo katika karibu kila sufuria, madafu yanauzwa kila kona, na embe bichi lenye chumvi na pilipili nililokula ufukweni lingeweza kuwa limekatwa Raskazone, kwetu Tanga. Papai ndilo lililoleta ugomvi: daktari alisema papai bivu halina neno, ila Paati alipoliona kwenye kapu langu alilitoa akaenda nalo bila kunitazama. Hamu ya udongo wa Kariakoo nilioletewa na mwanafunzi mmoja ndani ya soksi niliificha kwa wiki mbili, kisha nikagundua kwamba jirani yangu mwenyewe, yule mkwewe Paati, alikuwa akiramba majivu. Kitu kimoja tu sikukipokea. Kila jioni walimpa maziwa ya zafarani ili mtoto atoke mweupe, na siku moja wakaniletea nami kikombe kwa moyo mkunjufu kabisa. Nilikirudisha kwa mikono miwili, nikasema kwetu tunasubiri mtoto mwenye rangi ya baba yake. Paati alicheka hadi akafuta machozi. Mimi sikucheka sana.

Baada ya bangili, desturi inataka mama mzazi amchukue binti akajifungulie nyumbani kwao, na kwao ni Madurai, zaidi ya kilomita 450 kusini-magharibi. Mume wangu alikuwa amesafiri kikazi kwa siku tano, daktari wangu aliniruhusu kwa masharti ya kunywa maji na kutembeatembea, na jirani yangu akaniomba niwasindikize. Mama yangu alikubali safari, lakini aliposikia kwamba treni inafika usiku alishtuka, kwa kuwa mjamzito hatembei baada ya magharibi. Nikamfasiria mama wa jirani yangu. Hakuuliza maana. Aliingia uani, akavunja tawi la mwarobaini, akalisokota ndani ya mkoba wangu na jingine ndani ya mkoba wa binti yake, na nilipomweleza Mama, alinyamaza kidogo halafu akasema, “Haya, mwanangu, nendeni. Hao ni watu.”

Tulipanda Vaigai Express katika stesheni ya Egmore mchana, sisi watatu na kapu la vyakula ambalo lingetosha msiba. Treni ilipita kando ya ziwa la Chengalpattu, vilima vya mawe vikafuata, kisha mashamba ya mpunga yaliyonyooka hadi macho yakachoka. Wachuuzi walipokezana njiani: mmoja akiimba “kaapi, kaapi”, yaani kahawa, mwingine vadai za moto, bajia za dengu, mwingine murukku zilizosokotwa kama kamba, ambazo Mswahili angeziona binamu wa chauro. Hatukufika Villupuram kabla ya swali kuulizwa. Mwanamke wa kiti cha mbele alilielekeza kwa jirani yangu kwanza, kisha kwangu, na alipopata majibu akasimama kuyatazama matumbo yetu kwa makini, akatangaza kwamba moja ni la mtoto wa kike na jingine la kiume, kwa kuangalia tu lilivyochongoka.

Huo ndio utabiri pekee unaopatikana huko. Katika kila chumba cha ultrasaundi kuna bango linaloeleza kwamba ni kosa kutaja jinsia ya mtoto aliye tumboni, na kabla ya kupimwa nilitakiwa kutia saini tamko kwamba sitaki kuijua. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1994 kwa sababu watu walipima, wakaona ni wa kike, wakaitoa mimba. Mume wangu, ambaye nyumbani angejibiwa bila shida, aliuliza kwa furaha ya baba mtarajiwa tu, na daktari akasimamisha mkono, akakigeuza kioo upande wake, na hakusema neno mpaka alipomaliza. Ndugu zangu wa Tanga hawakuamini. Walidhani najua na ninawaficha. Lakini ndani ya treni, mwanamke yule aliyetabiri alipomaliza, nilimwona jirani yangu akitazama nje dirishani, nikakumbuka kwamba hakuna aliyewahi kumwambia anaombewa binti.

Karibu na Tiruchirappalli tulivuka Kaveri, mto mpana uliokuwa na mchanga mwingi kuliko maji wakati ule, na jua lilikuwa linazama. Nilifungua mkoba nikashika lile tawi. Dindigul, mji wa mafundi wa makufuli, tuliupita gizani, na tulipofika Madurai miguu yangu ilikuwa imevimba, viatu havikuingia, nikashuka nikiwa nimevaa kandambili za mama mwenye binti, naye akitembea pekupeku bila kunisikiliza nilipokataa.

Madurai ni mji wa asumini. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo, lakini asubuhi iliyofuata, tulipopita sokoni na kuyakuta magunia ya matumba meupe ya maua yakimwagwa na kupimwa kwa kilo, nilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Mitaani huuzwa yakiwa yamefungwa uzi, na kipimo chake ni muzham, kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole, yaani dhiraa yetu ile ile. Mchuuzi alipima kwa mkono wake mfupi. Mama wa jirani yangu akaukataa mkono huo na kutaka apimiwe kwa mkono wangu, ambao ni mrefu. Tulitembea polepole katika mitaa inayolizunguka hekalu la Meenakshi, ambayo kadhaa kati yake ina majina ya miezi ya Kitamil, mtaa ndani ya mtaa, na minara ya hekalu yenye sanamu zisizohesabika rangi ikitutazama juu ya mapaa. Jirani yangu aliingia kuomba. Mimi, kwa kuwa mtu asiye Mhindu hafiki kwenye patakatifu penyewe, nilikaa kivulini na kapu la viatu.

Nyumbani kwao nilimwona jinsi alivyobadilika. Yule mwanamke aliyekuwa akiamka kabla ya Paati kila siku Chennai alilala hadi jua likapanda, akala kwa kulishwa, akasuguliwa mafuta ya ufuta kichwani huku akigombana na mama yake kwa sauti ya mtoto. Usiku wa pili nililia. Mimi ningejifungulia katika hospitali ambayo wauguzi wake walijua neno langu moja tu, “pole”. Mtoto wangu angepata cheti cha kuzaliwa cha Chennai lakini si uraia wa India, kwa kuwa wazazi wote wawili ni wageni, na karatasi za kumrudisha kwao zingetoka ubalozini New Delhi, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka mlangoni kwetu. Mama mwenye nyumba alinisikia. Hakusema kitu, kwani hatukuwa na lugha ya kutosha; alileta bakuli la mafuta, akakaa nyuma yangu, akaanza kunifumua mabutu.

Nilirudi peke yangu kwa treni ya alfajiri, nikiwa na dhiraa mbili za asumini kichwani na jani jipya la mwarobaini ingawa ulikuwa mchana mtupu. Kiti cha mbele yangu alikaa mwanamke mtu mzima mwenye kapu la machungwa, akasoma gazeti lake toka Dindigul hadi tukapita Tiruchirappalli, wala hakuniangalia. Nilingoja. Nilijiweka sawa, nikanywa maji, nikatazama nje. Hatimaye niliunyanyua mkono kurekebisha maua ambayo hayakuhitaji kurekebishwa, bangili zikalia, na mwanamke akashusha gazeti.

“Etthana maasam?”

“Ettu,” nilimjibu. Wa nane. Akalisogeza kapu lake pembeni nipate kunyoosha miguu, akachagua chungwa, akaanza kulimenya.