Begi limepangwa, watu je?

Jamani nipo kwenye zile wiki ambazo kuokota kitu kilichodondoka ni mradi mzima, unakiangalia kwanza, unapiga hesabu, mwisho unakisogeza kwa mguu mpaka ukutani unakiacha hapo kimsubiri mwenye kiuno chake. Mimba ya pili hii, kwa hiyo mshangao umepungua ila uchovu umeongezeka maana safari hii kuna mtu mdogo anataka kubebwa, anataka kuogeshwa, na hajali kabisa kwamba mama yake akikaa chini kunyanyuka ni mpaka avutwe.

Sasa kuna kitu kinanikereketa toka siku nyingi. Kila ninayekutana naye swali ni lile lile, "vitu umeshanunua?" Vitu! Hakuna hata mmoja aliyeniuliza uchungu ukianza saa nane usiku huyu mkubwa anabaki na nani, au nikirudi na kichanga nani ataingia jikoni. Mi naona vitu ndo sehemu rahisi kuliko zote, watu ndo kazi, na watu nao wanapangwa kama begi, kila mmoja na mfuko wake, la sivyo siku yenyewe ikifika unajikuta una nepi za kutosha na huna mtu.

Vitu nivimalize haraka. Nepi, nguo chache na zisiwe zote za saizi ndogo kabisa maana zile zinabana ndani ya wiki chache tu, kofia, soksi, vitambaa laini vingi kuliko unavyodhani, na mahali pa kulala palipo tambarare na pagumu kidogo, bila mito bila midoli bila mablanketi mazito, mtoto alazwe chali kila anapolala, mchana na usiku. Basi. Hayo mengine yote unayoyaona mtandaoni yanapendeza kwenye picha, mtoto mwenyewe hana habari nayo.

Turudi kwa watu. Ile sentensi ya "ukihitaji chochote usisite kuniambia", wanaoisema najua wana nia njema, hata mimi nimeshaisema sana kwa wengine, ila mtu mwenye mimba ya wiki ya 36 hana nguvu ya kutunga ombi. Afikirie anataka nini, afikirie nani ana nafasi, afikirie atamwambiaje asionekane msumbufu, akifika hapo kashachoka anaamua aoshe vyombo mwenyewe yaishe. Nina shosti mmoja yeye alinitumia meseji fupi tu, "Jumamosi saa tatu nakuja kumchukua mkubwa, namrudisha jioni akiwa ameshaoga na ameshakula, wewe lala." Hakuuliza kama nataka. Alikuja kweli, akamvalisha viatu mlangoni, akaniambia nisitoke hata kuaga, mtoto ataanza kulia bure. Nikalala mpaka nikaamka sijui ni asubuhi au jioni. Yaani ule ndo msaada, una siku, una saa, na mpokeaji hana cha kupanga.

Kutokea hapo na mimi nikabadilisha jinsi ya kujibu. Mtu akiniambia "ukihitaji chochote", namwambia papo hapo, "ndio nahitaji, wewe utakuwa mtu wa kulala hapa na mkubwa usiku nikienda kujifungua, simu yako isizimwe kuanzia wiki ya 37." Wengine wanacheka wakidhani utani. Wengine wanasema duh huo usiku sitoweza, ila naweza kufua, na hilo ni jibu zuri kuliko lile la kwanza, maana sasa najua nguo ni za nani.

Karatasi yetu ipo ukutani. Nani anaendesha, na asipopatikana nani wa pili, maana kutegemea mtu mmoja na gari moja ni kucheza na bahati. Nani ana funguo ya akiba. Nani anabaki na mtoto. Nani anapigiwa kwanza, na yeye ndo anawapigia wengine wote. Pesa ya dharura iko wapi, na sio kwangu peke yangu, maana mimi wakati huo nitakuwa nimeshika ukuta napumua sitoweza kukumbuka niliweka mfuko gani. Halafu kuna kazi moja ambayo watu wanaidharau, mtu wa kujibu "bado?" Mungu wangu hizo "bado?" Asubuhi bado, mchana bado, usiku bado. Hiyo kazi nimempa wifi yangu, ana mdomo mtamu na hana haya, anawajibu wote kwenye grupu, mimi simu yangu imetulia.

Na hapo kwenye "bado" tuelewane kidogo. Ile tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni makadirio, inahesabiwa wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na watoto wanaozaliwa siku ile ile ni wachache sana. Kuanzia wiki ya 37 hadi ya 42 wote hao wamekuja kwa wakati wao. Sasa ukimwambia mama mkwe tarehe moja tu, ikipita siku mbili presha inampanda yeye. Mwambie "mwisho wa mwezi huu au mwanzoni mwa ule", atakaa kwa amani na wewe utakaa kwa amani.

Begi sasa, nilitaka kulisahau. Kila mtu anakwambia pakia begi mapema, sawa, ila hawakwambii nani apakie. Mimi nilipakia vizuri sana, kila kitu kwenye mfuko wake, nikajisifu. Jioni nikamwambia mume wangu hebu fanya kama tuko wodini, nitolee pedi na nguo ya kwanza ya mtoto. Akatoa gauni langu, akatoa taulo, akatoa chaja, akatoa gauni lingine, akafika chini kabisa akashika kitu akakiinua juu ananiuliza "hiki ndo nini?" Ilikuwa pedi ya uzazi, ile kubwa. Tukacheka mpaka tumbo likakaza. Tukalimwaga lote kitandani akalipakia yeye upya, kwa akili yake, vya mtoto juu, vyangu chini, kadi ya kliniki mfuko wa nje kabisa. Sasa hata gizani analijua. Kwa hiyo kama una mtu atakayekuwa na wewe, yeye ndo apakie, wewe kaa pembeni umwelekeze.

Kingine ambacho nimekigawa ni masikio. Najua inasikika ajabu. Ukiwa na mimba kubwa kliniki unaambiwa mambo mengi kwa dakika chache, ukitoka nje nusu yameshapotea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka mama aonane na mtoa huduma angalau mara 8, na nne kati ya hizo ziko huku mwishoni, wiki ya 34, 36, 38 na 40 kama hujajifungua. Kwa hiyo hizi ndo wiki za kusindikizwa. Mmoja anapimwa, mwingine anaandika presha ilikuwa ngapi, mtoto amegeuka kichwa chini au bado, damu iko ngapi, dawa ya kuongeza damu inaendelea au la. Na maswali yaandikwe nyumbani, ukifika pale mbele ya nesi akili inafutika yote.

Dalili za hatari nazo wajue wote ndani ya nyumba, sio mimi tu. Sababu ni kwamba mjamzito wa mwishoni amezoea kuumwa, kila kitu anasema ni kawaida, ni mimba tu. Kichwa kinauma sana hakiachi, macho yanaona maluweluwe, uso na mikono imevimba ghafla, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, hiyo inaweza kuwa ile presha ya mimba inayokwenda kwenye kifafa cha mimba, na kifafa hakisubiri kesho. Damu kutoka, maji kutoka, homa, degedege, hapo ni kuondoka, hakuna kujadiliana. Mume wangu nimemwambia nikianza kusema "ngoja nilale kidogo itapoa" na moja kati ya hizo ipo, asinisikilize.

Halafu kuna hili la mtoto kucheza. Utasikia watu wazima wanasema akikaribia kutoka anatulia, anajiandaa. Sio kweli jamani. Anaweza kubadilisha staili, badala ya mateke akawa anajisukuma na kujigeuza maana nafasi imebana, lakini kucheza anacheza mpaka siku ya uchungu. Akipunguza kuliko alivyozoea wewe nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, usikae kusubiri asubuhi, na usione aibu ukikutwa salama ukarudishwa, hata ikitokea tena nenda tena.

Kulala ubavu pia nimewapa watu kazi. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kulala ubavu, kulia au kushoto, maana ukilala chali uzito wote unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, na mtoto damu inampungukia. Ukishtuka usiku uko chali usiogope, geuka tu uendelee. Mimi nimeweka mto mgongoni, na mume akiamka kunywa maji ananicheki, akinikuta nimepinduka ananisogeza. Ananiambia kusogeza ule mzigo sio mchezo. Kiungulia, mgongo, kwenda chooni kila saa, hayo nayaruka, anayeyajua anayajua.

Uchungu wa uongo nao usiuruke mwenzangu maana unaweza kuwaamsha watu wako wote bure halafu ule wa kweli wakaja wamechoka. Tumbo linakaza, linaachia, halina mpangilio, ukitembea au ukibadilisha mkao linapoa. Wa kweli unakuja kwa mpangilio, unakaribiana, unazidi nguvu, utembee ulale ni ule ule. Sisi kazi ya kuhesabu dakika ni ya mwenye saa, mimi nasema tu "sasa" na "imeisha".

Na mle leba kwenyewe. Kama hospitali yako inaruhusu mtu wa kukaa na wewe, mchukue. Sio anasa. Kuna utafiti ulifanyika Guatemala ukachapishwa mwaka 1980, wanawake wenye mimba ya kwanza waliowekewa mwanamke wa kukaa nao tu, hata hawakuwa wanamjua kabla, anawashika mgongo anaongea nao, kwa wale ambao hawakupata matatizo walijifungua kwa wastani wa chini ya saa 9 toka wapokelewe, na wenzao waliokuwa peke yao ilikwenda zaidi ya saa 19. Mtu tu, hana dawa hana sindano. Tafiti nyingi za baadaye nazo zimeonyesha anayekaa na mwenzake opareshen zinapungua. Ila ulizia mapema, kuna sehemu wanaume hawaingii sababu wodi ni ya pamoja, kuna sehemu wanataka mtu mmoja hakuna kubadilishana, usije ukajua hayo ukiwa mlangoni umejikunja. Mimi nimemchagua dada yangu, na mume hakununa, kasema mwenyewe kwamba damu akiiona atakuwa mgonjwa wa pili. Nampongeza kwa ukweli wake. Baba naye ana hofu zake ila hakuna anayemuuliza, tumbo halionekani.

Baada ya kujifungua ndo watu wanajaa, na hapo ndo mgawanyo unapovurugika, kila mtu anataka kumbeba mtoto. Mtoto hana shida ya kubebwa, ana mama. Anatakiwa awekwe kifuani kwangu, anyonye ndani ya saa ya kwanza, apate ile dang'a, maziwa ya kwanza ya njano, ambayo wengine bado wanaikamua wanamwaga eti chafu. Kuoga anaweza kusubiri mpaka kesho yake. Wewe mgeni nawa mikono, kama una mafua baki kwako, halafu kuna vyombo pale.

Dada yangu nimempa kazi moja zaidi. Siku za mwanzo kulia bila sababu ni kawaida kabisa, homoni zinashuka, usingizi hakuna, maziwa yanajaa, inaanza kama siku ya tatu hivi na kwa wengi inapita ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, mama hataki kumuona mtoto, au halali hata mtoto akilala, au anasema bora asingekuwepo, huo sio udhaifu ni ugonjwa na una matibabu. Na mwenye nao mara nyingi ndo wa mwisho kujua. Kwa hiyo nimemwambia wiki mbili zikiisha aje, amtoe mtoto chumbani ampe baba yake, afunge mlango aniulize mimi, sio mtoto kanyonya sio mtoto kalala, mimi. Na nikimjibu "niko poa" aniulize tena. Kakubali, kaiweka kwenye simu yake na alamu kabisa, ila anasema tarehe ataijaza nikishajifungua.