Baba mdogo na chupa za ziwa Kivu

Jana jioni baba mdogo, ye ni mvuvi wa sambaza, kaniuliza swali ambayo mpaka saa hii iko kichwani: eti hawa watu wa vipimo wanajuaje gazi iliyoyeyuka ndani ya maji ya ziwa yote na wanachota tu chupa chache, wakati ziwa lina mita 480 na kitu kwenda chini?

Nikamwambia baba, we ukienda kununua gunia ya maharagi sokoni Birere unaingiza mkono mpaka chini, kwa sababu wanaweza kupanga mazuri pale juu, si ndiyo? Na ziwa ni vile. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, yamelala tabaka kwa tabaka, lakini tabaka moja inafanana karibu ziwa kubwa yote, kwa hiyo ukipima kila kina kwa sehemu chache tu modeli, ile hesabu ya ziwa yote kwa kompyuta, inasimama. Shida iko kwa kuchota. Maji ya mita 300 yamekandamizwa sana, ukiyavuta juu gazi inatoka sawa Fanta imefunguliwa, na ikitoroka kabla ya kupimwa hesabu inapotea hata kompyuta iwe kali namna gani.

Na sisi ilitugusa. Walipima miaka ya 1970, wakarudia 2004 wakaona metani, ile gazi inayowaka, imepanda kama asilimia 15 mpaka 20, wakaandika kwamba ikiendelea hivyo ziwa linaweza kujaa gazi ndani ya karne hii, na likijaa gazi inaweza kulipuka kutoka. Hapa Goma watu wakakumbuka ziwa Nyos kule Kameruni, 1986, watu kama 1,700 walikufa usiku mmoja kwa gazi ya ziwa. Ndipo 2018 timu kadhaa wakaja na vyombo tofauti, wakapima ziwa moja wakalinganisha, na majibu yaliyotoka 2020 ni kwamba hakuna ongezeko la kuonekana.

Baba mdogo akasema basi walitudanganya. Hapana baba! Hapo ndo mimi nawaamini zaidi, juu walirudi kukagua chupa zenyewe. Ukilinganisha vipimo vya miaka 30 mbali, vya vyombo tofauti, tofauti unayoona inaweza kuwa ya chombo tu, ziwa halijabadilika.

Akanyamaza, halafu akauliza: na Kabuno, ile ghuba ya ziwa kule tunatega? Nikamwambia Kabuno ni ingine, mlango wake na ziwa kubwa ni wa kina kifupi sana na gazi iko karibu na juu, chupa za ziwa kubwa haziwezi kuisemea. Ile wanaipima peke yake.